Damu ya Ukoo na Jicho la Inzi

Likizo iliyopita, katika kigango kimoja karibu na Tukuyu, tulimtembelea mama mwenye mtoto wa miaka minne aliyezaliwa na sindromu ya Down. Mtoto alikuwa amekaa mlangoni akicheka na kufukuza vijinzi kwenye ndizi mbivu. Mama alitueleza kwamba ndugu wa mumewe wamekwisha kata shauri: damu mbaya imetoka kwao mama. Akauliza, "Mafrateri, hivi ni kweli?" Tukamjibu kwamba mtoto ni zawadi ya Mungu, tukasali, tukaondoka. Tulichosema ni kweli, lakini sicho alichouliza.

Ajabu ni kwamba vijinzi vile vya kwenye ndizi vingetusaidia kujibu. Jicho la inzi wa matunda limeundwa na vijicho vingi. Jike wa kawaida ana kama 780 kwa kila jicho. Wako wengine wenye jicho jembamba kama mstari, huitwa Bar. Mwaka 1936 Calvin Bridges na Hermann Muller, kila mmoja kwa kazi yake, walionyesha chanzo: kipande kidogo cha kromosomu X kimejirudia. Jike ana kromosomu X mbili. Kila moja ikiwa na vipande viwili, jumla vinne, vijicho hubaki kama 68. Sasa weka vitatu kwenye moja na kimoja kwenye nyingine. Jumla ni vinne vilevile, lakini vijicho hushuka hadi kama 45. Tofauti hiyo Alfred Sturtevant alikuwa ameshaieleza tangu 1925: si idadi tu, hata mahali pa jeni pana athari.

Sisi wa falsafa hatukupaswa kushangaa. Aristotle alisema silabi si herufi zake tu. Chukua "kata" na "taka": herufi ni zilezile, idadi ni ileile, maana mbali kabisa. Anayehesabu herufi bila kutazama mpangilio bado hajasoma neno.

Wala kujirudia kwa jeni si laana. Pwani ya Kenya, hasa Kilifi, na hapa Tanzania pia, wako watu ambao jeni mbili jirani za chembe nyekundu za damu zimejirudia na kuungana, zikazaa aina ya damu iitwayo Dantu. Utafiti uliochapishwa 2017 ulionyesha kwamba inapunguza hatari ya malaria kali kwa karibu asilimia 40. Hiyo nayo tuiite damu mbaya?

Turudi kwa yule mama. Mwaka 1959 Jérôme Lejeune, daktari Mkatoliki wa Ufaransa, pamoja na Marthe Gautier na Raymond Turpin, walitangaza kwamba wenye hali hii wana kromosomu ya 21 tatu badala ya mbili. Mara nyingi kosa hutokea yai linapotengenezwa, na umri wa mama ukisogea uwezekano huongezeka. Hilo tusilifiche. Lakini kosa hilo hutokea upya. Halikusubiri katika damu ya ukoo. Katika watoto watatu au wanne hivi kwa kila mia wenye hali hii, kromosomu 21 ya ziada imeshikamana na nyingine. Hapo mzazi anaweza kuwa na mshikamano huo huku kiasi chake kimetimia, akawa mzima kabisa. Mzazi huyo anaweza kuwa mama, anaweza kuwa baba. Bila kupima kromosomu, hakuna mzee wa ukoo anayeweza kujua.

Wako wenzetu wanaodhani haya ni ya madaktari, sisi tushike metafizikia. Hatukubaliani nao, na Mendel, mtawa wa Kiagustino aliyehesabu njegere bustanini Brno, asingekubaliana nao pia. Watu wa Rungwe hawaendi kwa mtaalamu wa jeni. Wanauliza katekista, wanauliza frateri, wanauliza kwenye jumuiya. Tukijibu kwa sala peke yake, tunawaachia ndugu wa mume neno la mwisho.

Desemba tutarudi kigangoni. Tumemwomba katekista apeleke ujumbe kwamba safari hii tungependa kumkuta baba wa mtoto, na baba yake mzazi, na shangazi aliyeanzisha maneno yale.