Kazi na watoto inaweza kuzaa shahada, lakini mkataba utatoka kwa nani?

Mtoto akifika kwenye kituo cha mapokezi bila wazazi, mara nyingi wa kwanza kukaa naye ni mkimbizi anayejua lugha yake. Yeye ndiye anayeandika maelezo yake, anayetembelea familia iliyompokea na anayejua nyumba ipi ina kelele usiku. Huitwa mhudumu wa kujitolea au mfanyakazi wa motisha, na hulipwa posho. Mradi ukiisha, hubaki na fulana, barua ya shukrani na vyeti vya semina za siku tatu. Nafasi ya afisa wa ulinzi wa mtoto inapotangazwa, sharti huwa shahada.

Je, kazi hiyo haiwezi kuwa sehemu ya shahada yenyewe? Inawezekana, na kuna mahali inafanyika.

Nchini Ujerumani, chuo kikuu cha Duale Hochschule Baden-Württemberg hutoa shahada ya kazi za ustawi wa jamii, ikiwemo fani ya huduma kwa watoto na vijana. Masomo ni ya miaka mitatu. Mwanafunzi hukaa darasani kama miezi mitatu, kisha miezi mitatu kazini, akibadilishana hivyo hadi mwisho. Kazini ana msimamizi wake, na kazi hiyo huhesabiwa katika alama za shahada. Lakini hapokelewi chuoni kabla ya kupata mwajiri wa kumpa mkataba, na mwajiri humlipa kila mwezi, hata akiwa darasani.

Karibu nasi kuna mfano wa Dadaab, Kenya. Tangu 2013, mradi wa BHER umeunganisha vyuo vikuu vya Kenyatta na Moi na vyuo vya Kanada, hasa York, ili walimu wasome huku wakiendelea kufundisha kambini. Masomo yalipangwa kwa ngazi: cheti, diploma, kisha shahada. Aliyelazimika kuishia njiani hakuondoka mikono mitupu. Ule ulikuwa mradi wa walimu, lakini umeonyesha kwamba mtu anaweza kusoma chuo kikuu bila kuacha kazi anayoifanya kambini.

Kinachokwamisha basi ni nini? Wengi watasema ada au intaneti. Hayo ni kweli, ila kikwazo kikubwa zaidi ni mkataba. Shahada ya namna hii inahitaji mwajiri atakayedumu miaka mitatu, wakati miradi mingi makambini hupangiwa bajeti ya mwaka mmoja. Mwaka 2025, Marekani ilipopunguza misaada yake, mashirika mengi yaliachisha watu kazi. Mwanafunzi ambaye nusu ya masomo yake iko kazini angepoteza posho na shahada kwa siku moja.

Ujerumani ina kinga: sheria inalazimisha serikali za wilaya na miji kuwa na ofisi ya ustawi wa watoto na vijana. Mfadhili aje au aondoke, ofisi ipo.

Na sisi tuna ofisi ya kuanzia. Nchini Uganda, kila wilaya huwa na nafasi ya afisa wa probesheni na ustawi wa jamii, anayeshughulikia watoto wa wakimbizi na wa wenyeji. Kenya ina maafisa wa watoto wa serikali. Kama mafunzo ya kazini yangefungwa kwenye ofisi hizo, mashirika yakachangia posho na chuo kikatoa msimamizi, mradi kufungwa kusingemfukuza mwanafunzi. Kijana wa jamii mwenyeji, ambaye naye hukosa ada, angesoma kwa mpango huohuo. Na mtoto, ambaye leo husimulia machungu yake upya kila mhudumu anapobadilika, angebaki na mtu mmoja kwa muda mrefu zaidi.

Tahadhari moja: mtoto asiwe daftari la mazoezi. Mwanafunzi asiachiwe peke yake kesi ya ukatili wa kingono au ya mtoto anayetaka kujidhuru. Pasipo msimamizi mwenye ujuzi, mpango huo ungekuwa njia ya kupata kazi kwa bei rahisi.

Ukiletewa programu inayojiita ya kusoma na kufanya kazi, uliza mambo manne kabla ya kulipa chochote: shahada inatambuliwa na serikali? Kazi yangu itahesabiwa alama ngapi? Nani atanisimamia? Mradi ukifungwa, nitaendelea wapi?

Unaposubiri, tunza ushahidi wa kazi yako: barua za ajira zenye tarehe, orodha ya majukumu, vyeti vya mafunzo. Usitunze majina, picha wala kesi za watoto. Hizo ni siri zao. Mwaka 2024 Kenya ilizindua sera ya kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, na makaratasi hayo ndiyo yatakayokusemea mlango kama huo ukifunguka.