Usaili wa wanafunzi wa udaktari: unapima nini hasa?

Kila matokeo ya kidato cha sita yanapotoka, hoja ileile hurudi: inakuwaje daktari achaguliwe kwa alama tu? Tanzania, anayeomba shahada ya udaktari wa binadamu huangaliwa ufaulu wake wa fizikia, kemia na baiolojia. Kenya nako ni alama za KCSE. Uingereza, Kanada na Marekani alama hufungua mlango tu, kisha mwombaji huitwa kwenye usaili.

Hoja ina mvuto. Lakini tuangalie kwanza kilichotokea Houston, jimboni Texas, mwaka 1979. Chuo cha udaktari cha huko kiliwasaili waombaji wapatao 800 na kuchukua 150. Baadaye bunge la jimbo likaagiza waongezwe 50. Waombaji waliopewa nafasi za juu walikwishakwenda vyuo vingine, ikabidi chuo kiwarudie waliokuwa mkiani, kati ya nafasi ya 700 na 800. Wengi wao walikuwa wamekataliwa kila walikoomba. Watafiti waliwafuatilia wote hadi mwaka wa kwanza wa kazi hospitalini. Matokeo yalichapishwa mwaka 1987: makundi hayo mawili hayakutofautiana kwa lolote la maana, si darasani wala wodini. Na sehemu kubwa ya kilichowatenganisha mwanzoni ilikuwa maoni ya wasaili na kamati, wala si alama zao.

Sisi wa redio hatushangai sana. Mgeni mwenye sauti nzuri hututeka dakika mbili za mwanzo, hata kama hana jipya la kusema.

Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, kilikuja na njia nyingine, iliyoelezwa katika utafiti wa mwaka 2004. Badala ya kikao kimoja kirefu, mwombaji huzunguka vituo kama kumi, dakika nane kila kimoja, kila kituo na msaili wake. Huku anamkuta mwigizaji aliyejifanya jirani, naye amweleze kwamba amemgongea gari lake. Kule anapewa suala la maadili alijadili. Msaili mmoja akimpenda au akimchukia bila sababu, wale tisa wanapunguza makali. Utaratibu huu umeenea hadi Uingereza na Australia.

Je, tuulete kwetu? Mimi nina hofu mbili. Alama ya mtihani wa taifa, pamoja na upungufu wake wote, haimjui mjomba wa mtu. Chumba cha usaili kinaweza kumjua. Pili ni lugha. Usaili ukiwa wa Kiingereza, aliyesoma shule za kulipia za mjini ataongoza kabla ya swali la pili, ilhali mgonjwa wa Sumbawanga ataulizwa anaumwa wapi kwa Kiswahili.

Chuo kitakachotaka kujaribu kingeweza kutumia vituo, kwa Kiswahili, na kwa waombaji waliofungana alama tu kwenye nafasi za mwisho. Kuwaita wote ni kazi kubwa: waombaji 500 kwa vituo kumi ni zaidi ya saa 660 za wasaili, na wengi wa wasaili hao watakuwa madaktari waliotolewa wodini.