Foliki itolewe kabla ya mimba, si baada ya kadi





Mwanangu wa kwanza alizaliwa na mgongo wazi. Kiunoni alikuwa na uvimbe wenye ngozi nyembamba kama ya lengelenge, na mkunga aliufunika kwa shashi iliyolowa maji, akaniambia nimlaze kifudifudi. Alipasuliwa, kisha akawekewa mpira wa kushusha maji ya kichwani hadi tumboni. Leo ana miaka sita. Ni mwepesi wa kuelewa na anapenda kuhesabu, ila kila baada ya saa nne namtoa mkojo kwa mpira, maana kibofu chake hakifanyi kazi chenyewe. Wapo waliosema nimerogwa, wapo waliosema ni laana ya ukoo.

Daktari ndiye aliyenifumbua macho. Mfereji unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hujifunga ndani ya siku 28 tangu mimba itungwe. Siku hizo zikiisha, mama amechelewa siku zake kwa wiki mbili tu, na wengi wetu hata hatujashtuka. Mwili ukikosa asidi ya foliki ya kutosha wakati huo, hatari ya mfereji kubaki wazi huongezeka.

Mimi nilianza kliniki mimba ikiwa na miezi minne. Nikapewa vidonge vya kuongeza damu, vyenye madini ya chuma na foliki, nikavimeza bila kuruka hata siku moja. Damu iliongezeka, lakini mgongo wa mwanangu ulikuwa umeshaumbika zamani.

Shirika la Afya Duniani linashauri mwanamke ameze mikrogramu 400 za foliki kila siku tangu anapopanga kubeba mimba hadi wiki ya 12. Sisi tuliokwisha kuzaa mtoto wa namna hii tunahitaji dozi kubwa zaidi, kwa maelekezo ya daktari. Utafiti uliotangazwa Uingereza mwaka 1991 ulionyesha kwamba kwa kina mama kama sisi, foliki iliyoanzwa kabla ya mimba hupunguza tatizo kujirudia kwa zaidi ya theluthi mbili. Haizuii yote, lakini inazuia mengi.

Basi mwaka jana, tulipoamua kutafuta mtoto wa pili, nilikwenda zahanati nikiwa na karatasi ya daktari.

“Kadi ya kliniki iko wapi, mama?” muuguzi aliniuliza.

“Sina, dada. Bado sijabeba mimba.”

“Basi rudi ukishabeba. Hivi ni vya wajawazito.”

Kopo la vidonge lilikuwa kwenye rafu nyuma yake, nililiona. Simlaumu, alifuata utaratibu aliopewa. Naulaumu utaratibu wenyewe. Nilizunguka maduka ya dawa matatu ndipo nikapata vya kununua. Je, asiye na fedha, au asiyejua hata jina la dawa, afanye nini?

Tusiambiwe kwamba foliki ipo kwenye unga. Ni kweli, tangu mwaka 2011 Tanzania ina kanuni za kuongeza virutubishi kwenye unga wa ngano na wa mahindi wa viwandani. Lakini sisi mtaani tunabeba mahindi yetu kwenye ndoo hadi mashineni, yanasagwa tukisubiri, na hakuna anayeongeza kitu.

Naiomba Wizara ya Afya mambo matatu. Kwanza, mwanamke anayetaka kubeba mimba apewe foliki bila kuulizwa kadi. Pili, anayekuja kutoa kijiti au kitanzi kwa sababu anataka mtoto, asiondoke siku hiyo mikono mitupu. Tatu, wenye mashine ndogo za kusaga wasaidiwe kupata virutubishi na vifaa vya kuchanganyia. Viongozi wa dini nao walitaje jambo hili katika mafundisho ya ndoa, bwana na bibi harusi wasikie pamoja.

Kila asubuhi mwanangu huniuliza lini atatembea kama wenzake. Sina la kumjibu. Lakini kwa mtoto ambaye mimba yake haijatungwa, jibu lipo kwenye kopo lile pale rafuni. Tunachodai ni litolewe mapema.

Mama wa mtoto mwenye mgongo wazi,
Morogoro.