Mwuguzi Mzee Naye Aandike Hadithi

Mwezi huu hatusemi juu ya malaria wala juu ya kunyonyesha. Twataka kusema juu ya kalamu, na tunaomba msigeuze ukurasa.

Wengi wetu tunaofanya kazi katika hospitali za misheni huku Shinyanga na Geita tumekwisha kuvuka miaka hamsini. Katika utumishi wa umma mtu aweza kuomba kustaafu akiwa na miaka 55, na akifika 60 hana hiari tena. Wenzetu wakishaagwa hununua mashine ya kusaga, au hufungua duka la dawa muhimu, au hurudi kwenye mpunga na pamba. Yote ni mema. Lakini ni nadra kumsikia mstaafu akisema, "Mimi sasa nitaandika hadithi fupi, niipeleke ichapishwe." Sisi twaona hiyo ni hasara kubwa, tena ni hasara ya afya.

Watasema umri umepita. Basi tuvuke ziwa kidogo tu, twende Ukerewe. Huko alizaliwa Aniceti Kitereza mwaka 1896. Alisoma seminari ya Rubya, akaoa, akafanya kazi na wamisionari. Alipomaliza kuandika riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, alikuwa karibu na miaka hamsini, yaani umri wetu huu. Padre Almas Simard kutoka Kanada ndiye aliyemtia moyo. Mswada ukakaa. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Wamarekani wawili, Gerald na Charlotte Hartwig, walimkuta kisiwani wakajaribu kumtafutia mchapishaji. Hatimaye yeye mwenyewe, mzee wa miaka sabini na zaidi, akaketi kuutafsiri kwa Kiswahili. Tanzania Publishing House ilikitoa kitabu hicho kwa juzuu mbili, nacho ndicho "Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali". Kitereza alifariki mwaka 1981 kabla nakala hazijamfikia mkononi.

Wauguzi wa uzazi wangesoma kitabu hicho hata kama hawapendi riwaya. Mume na mke hawapati mtoto. Ndugu wa mume wanamtukana mke, wazazi wake wanamchukua, naye mume anafunga safari kwenda kumbembeleza arudi, ndipo wanapohangaika na mganga na dawa zake. Je, si mambo tunayoyaona kliniki kila juma? Mpaka leo mama huletwa peke yake, mumewe kabaki nyumbani, kana kwamba ugumba hauwezi kuwa wa mwanamume. Twafundisha kwamba waje wote wawili wapimwe. Wanaitikia, wanaondoka, na safari ijayo mama anakuja tena peke yake. Myombekere akisomwa jioni nyumbani aweza kumgusa baba huyo kuliko picha zetu za ukutani.

Wengine watasema: huyo alikuwa mtu wa vitabu, sisi ni watu wa sindano na chati. Haya, yuko pia Grace Ogot wa Kenya, aliyezaliwa mwaka 1930 na kufariki 2015. Alisomea uuguzi na ukunga Uganda na Uingereza, akafanya kazi hospitali ya Maseno. Kitabu chake cha hadithi fupi, "Land Without Thunder", kilitoka mwaka 1968. Ndani yake mna hadithi ya wauguzi wa hospitali ya misheni wanaogoma kubeba vyombo vya choo vya wagonjwa. Nani angeweza kuiandika hiyo kama si mtu aliyeijua wodi? Yeye hakungoja uzee, ni kweli. Sisi tuliongoja tuna shehena kubwa zaidi, hiyo tu ndiyo tofauti.

Shehena yenyewe ni nini? Hebu tuchukue macho mekundu. Huku kwetu wanawake wazee wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, na moja ya "ushahidi" ni macho kuwa mekundu. Mwuguzi yeyote aweza kueleza: bibi amepika miaka hamsini kwa kinyesi cha ng'ombe na mabua ya pamba ndani ya jiko lisilo na dirisha, au ana trakoma ya tangu utotoni. Tumesema hayo katika mikutano ya vijiji. Watu husikiliza, hupiga makofi, na hofu hubaki palepale, maana hofu haikuingia kwa hotuba. Iliingia kwa hadithi zilizosimuliwa usiku. Basi ipatikane hadithi nyingine, ya mkwe anayemchukia mama mkwe kwa sababu ya macho yake, kisha mwaka wa kumi wa ndoa anajitazama kwenye kioo na kuona ya kwake yameanza kuwa mekundu. Hadithi ya namna hiyo haihitaji daktari wa kuifafanua. Vivyo hivyo kuhusu ndugu zetu wenye ualbino, waliowindwa Kanda ya Ziwa hasa tangu 2007, na kuhusu vijana wa madini wa Geita wanaochanganya zebaki kwa mikono mitupu na kuichoma karibu na mahali mtoto anapolala, au wanaovuta vumbi la karasha mpaka kifua kinakuwa mlango wazi wa kifua kikuu.

Hapa hatuna budi kusimama kidogo, maana kuna jambo zito. Siri ya mgonjwa si mali yetu. Haitoki kwa sababu tumestaafu, wala kwa sababu mgonjwa amekufa. Wengine hudhani kubadili jina kunatosha. Hakutoshi! Katika machimbo, ukiandika "kijana mmoja wa Rwamgasa aliyefukiwa na duara mwezi wa masika akapona mguu mmoja", hata usipotaja jina kambi nzima inamjua, na mkewe anamjua. Kwa hiyo mgonjwa halisi asiingie katika hadithi kabisa. Kinachoruhusiwa kuingia ni yale tuliyojifunza kwa wagonjwa mia, yakavikwa mtu ambaye hakuzaliwa na mama yeyote. Asiyeweza kufanya hivyo, twaona heri asiandike.

Sasa juu ya afya ya mwandishi mwenyewe. Mwaka 1986 huko Marekani, James Pennebaker na Sandra Beall waliwaomba wanafunzi waandike dakika 15 kila jioni kwa siku nne, wengine juu ya mambo yaliyowaumiza, wengine juu ya mambo ya kawaida. Waliogusa hisia na matukio ya maumivu walikwenda zahanati mara chache zaidi katika miezi iliyofuata. Lakini jioni yenyewe walikuwa na huzuni zaidi, na presha ilipanda. Twataja hilo kwa sababu wapo wenzetu waliobeba vifo vya watoto wodini miaka thelathini bila kumwambia mtu. Wakianza kuandika wasishangae machozi. Waandike kidogo, waache, watembee, na ikiwa usingizi unakatika majuma mawili waende kuonana na mtaalamu.

Macho nayo hufifia kwa kusoma karibu kuanzia kama miaka arobaini. Miwani ya barabarani husaidia, ila ni bora kupimwa kwanza, kwa kuwa presha ya macho huanza bila maumivu. Nuru itoke upande usio wa mkono unaoandika. Kila nusu saa mtu ainuke, hasa mwenye mgongo uliochoka kwa kuinua wagonjwa.

Kwa nini tumesema hadithi fupi na si riwaya? Mwenye wajukuu, shamba na jumuiya hawezi kukaa na kitabu miaka mitatu. Kurasa sita zaweza kumalizika kati ya kupanda na kupalilia. Fedha asitegemee. Magazeti na majarida ndiyo pa kuanzia, na akikusanya hadithi za kutosha aweza kutafuta mashindano ya miswada. Amsomee kwanza mtu asiye mwuguzi. Pale msikilizaji anapopotea, ajue ameweka maneno ya kidaktari mno.

Tena asitoe mswada wake wa pekee kwa mtu yeyote, hata awe mwema namna gani. Mjukuu mwenye simu aupige picha ukurasa kwa ukurasa, nakala moja ibaki sandukuni. Mswada wa Kitereza ulingoja miaka 35, na bahati njema haukuliwa na mchwa.