Freemason wa Poster Anataka Doh Yako, Freemason wa Loji Anatoa Yake: Cheki Tofauti

Ukipita River Road, Gikomba ama stage yoyote ya Eastlands, angalia mlingoti wa stima. Katikati ya tangazo la mganga na la bedsitter ya kukodisha utapata karatasi ingine: jiunge na Freemason, upate utajiri, piga hii nambari. Facebook na TikTok nako usiseme. Ukikomenti tu chini ya picha ya msanii, dakika mbili hazijaisha na "grandi masta" ako inbox anakuuliza kama uko tayari kuomoka.

Wakora wanajua wanacheza na nani. Vijana wako na digrii na hakuna kazi, rent inakaribia, na Insta kila mtu anaendesha gari kubwa. Story ya kuomoka usiku mmoja inauzika rahisi. Kwanza unaitishwa pesa ya fomu. Ukituma, inakuja pesa ya joho. Halafu pesa ya kufungua "akaunti ya kimataifa" ndio mamilioni yako yaingie. Kila ukituma kuna kitu kingine kimekwama, na siku ukichoka, wanaanza kukutisha eti ushakula kiapo na huwezi toka.

Sasa tuulize swali moja tu: hawa Freemason wa ukweli hufanya nini na doh?

Loji ni nini, na si ile lodging unafikiria

Freemason si siri Nairobi. Jumba lao liko Nyerere Road, mwendo wa miguu kutoka University of Nairobi, na limesimama hapo tangu enzi za mkoloni. Loji ni kama tawi: kikundi cha watu wanakutana kwa ratiba, wako na mwenyekiti wanamwita masta, katibu, mweka hazina na vitabu vya hesabu. Loji nyingi za hapa ziko chini ya makao makuu ya Uingereza, ambayo yalianza London mwaka wa 1717.

Kuingia si kwa kutuma M-Pesa. Unaongea na memba, unahojiwa, halafu wanaloji wanapiga kura ya siri juu yako. Lazima uwe unaamini kuna Mungu, hawajali kama unaenda kanisa, msikiti ama hekalu. Na hapa ndio poster inaanguka kabisa: kabla uingizwe, unatakiwa utangaze kwamba hujakuja kutafuta faida ya pesa. Yaani sababu ile ile mkora anakupigia nayo debe, kwa loji ya ukweli inakutoa kwa mlango.

Na ukishaingia, wewe ndio unalipa. Kuna ada ya kujiunga, ada ya kila mwaka, na michango.

Hiyo michango huenda wapi?

Sehemu ya kwanza ni ya wenyewe kwa wenyewe. Memba akifa, mjane na watoto wanaangaliwa. Akizeeka bila mtu, kuna nyumba za wazee. Uingereza walianzisha shule ya mabinti wa memba walioachwa bila kitu mwaka wa 1788, na mwaka wa 2016 wakaunganisha mifuko yao mikubwa ya misaada ikawa moja. Inasaidia familia zao, na pia inatoa pesa kwa mashirika ya nje kama ya afya na ya vijana.

Sehemu ya pili ni ya jamii. Mfano mkubwa uko Marekani. Kundi la Shriners, ambao wote lazima wawe Freemason kwanza, lilifungua hospitali ya watoto Shreveport, Louisiana, mwaka wa 1922. Kutoka hapo zikawa hospitali nyingi, zinatibu watoto wa mifupa na walioungua moto, mzazi awe na doh ama hana.

Na si Freemason peke yao. Kuna Odd Fellows, ambao kundi lao la Marekani lilianza Baltimore mwaka wa 1819. Kazi yao waliiandika wazi: kutembelea wagonjwa, kusaidia waliokwama, kuzika wafu na kusomesha mayatima. Enzi hizo hakukuwa na bima ya serikali. Fundi akivunjika mguu, loji inampa pesa ya wiki. Akikufa, loji inamzika.

Si hiyo inakaa kitu unajua? Hiyo ni chama, buda. Ni ile merry-go-round ya mathako, ni welfare ya bodaboda, ni ile group ya WhatsApp inaundwa mtu akienda matanga. Hapa kwetu, hata SHA ikikata asilimia 2.75 ya mshahara, na asiye na payslip akilipa angalau shilingi 300 kwa mwezi, familia bado zinapitisha kofia kulipa bili ya hospitali. Tofauti ni kwamba wale wa loji waliweka sheria, vitabu na ada isiyokosa, ndio ikadumu miaka mia na zaidi.

Lakini wasiwasi wa watu si bure

Tusiwapake mafuta pia. Mlango ukifungwa, watu watajaza story. Mwaka wa 1994 Rais Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada za shetani, ikiongozwa na Askofu Mkuu Nicodemus Kirima, na tangu enzi hizo jina la Freemason limekwama kwa hizo stori. Msanii akinunua gari leo, tayari ni memba.

Swali la maana halihusu mashetani, linahusu konekshen. Hakimu, polisi na mfanyabiashara wakiwa ndugu kwa chumba kimoja, mwananchi wa nje atajuaje kesi yake imeamuliwa poa? Uingereza waliona hiyo shida, na mwaka wa 1998 majaji wapya wakaambiwa waseme kama ni Freemason. Sheria hiyo ikaondolewa mwaka wa 2009, lakini mjadala haujaisha. Hapa Kenya, mahali tenda na kazi zinaenda kwa "mtu wetu", ni haki kuuliza.

Kitu kingine, loji za upande huo wa Uingereza ni za wanaume tu. Wanawake wako na makundi yao kando, moja lilianza huko huko Uingereza mwaka wa 1908. Na ada peke yake inafungia nje vijana wengi wa mtaa.

Rada ni gani?

Ukiweka poster na loji kando kwa kando, kipimo ni rahisi: pesa inatembea kuelekea wapi? Kundi linalosaidia watu linachangisha memba wake, linaandika, linasomea watu hesabu. Kundi linaloahidi kukupa mamilioni lakini linaanza kwa kukuitisha ni wizi, hata likiweka jicho na pembetatu kwa profile. Tumia kipimo hicho hicho kwa chama chako pia. Kama mweka hazina hajawahi onyesha kitabu, amkeni.

Kama ushatumiwa hiyo meseji, usijibu. Ripoti nambari kwa kutuma SMS 333 bila malipo kama uko Safaricom. Kama ulikuwa ushatuma doh, usingoje "akaunti ifunguke". Beba meseji zote za M-Pesa, enda kituo cha polisi upewe OB. Aibu isikufanye unyamaze, juu huyo mkora saa hii anaandikia beshte yako.

Wewe mtaani kwenu umeona poster ngapi wiki hii?