Mwamba Uliofichwa na Kioo



Mpwa wangu aishiye Southampton ameshirikiana na wenzake wawili kununua mashua ndogo ya tanga, naye amekusudia kuwavusha wanawe hadi Cowes, katika Isle of Wight. Alinijia kunionesha tableti atakayoitumia kuongozea njia. "Mjomba," aliniambia, "bahari yote imo humu." Kwa hakika ni kitu cha kustaajabisha: alama ya chombo hutembea juu ya ramani, na kina cha maji kimeandikwa. Hata hivyo nilimwomba aketi nimsimulie habari ya mabaharia waliomzidi kwa kila hali.

Tarehe 29 Novemba 2014, mashua ya mashindano Team Vestas Wind ilikuwa ikitoka Cape Town kuelekea Abu Dhabi. Ilikuwa na watu tisa mahiri na kompyuta ya ramani. Usiku, ikienda kasi ya kilomita 35 hivi kwa saa, ilipanda mwamba wa Cargados Carajos, zaidi ya kilomita 400 kaskazini mashariki ya Mauritius. Mwamba huo una urefu wa makumi ya kilomita, tena mabaharia wameujua kwa karne nyingi. Basi ulifichwa na nini?

Ulifichwa na upana wa ramani. Ramani ya kompyuta hupunguza maelezo kadiri unavyotaka kuona eneo kubwa, ili kioo kisijae maandishi. Ukiitazama safari nzima, hatari hubaki doa lisilotisha, ama hutoweka kabisa. Ukiikuza, ndipo miamba hutokeza. Ripoti ya uchunguzi ya mwaka 2015 ilitaja upungufu katika matumizi ya ramani hizo. Alhamdulillahi, wote tisa waliokolewa wakiwa wazima.

Mpwa wangu alicheka akasema Solent si Bahari ya Hindi. Ni kweli, lakini katikati ya Solent liko fungu la mchanga liitwalo Bramble Bank. Mara moja kwa mwaka, maji yanapokupwa sana, watu hushuka kucheza kriketi juu yake (Waingereza hawaishiwi na mambo!), yakijaa, huoni kitu. Novemba 2008 hata meli kubwa ya Queen Elizabeth 2 ilikwama katika eneo hilo.

Tableti nayo ina tabia zake. Jua huififiza, vidole vilivyolowa huichanganya, na ikipata joto mno hujizima. Yake ni iPad ya Wi-Fi pekee, na za namna hiyo hazina kipokezi cha GPS ndani yake. Siku zote ilikuwa ikiitegemea simu yake, wala hakujua.

Sikumwambia aitupe. Tulinunua ramani ya karatasi, tukatoa dira na penseli. Kisha tukaipitia njia aliyokwisha kuichora katika tableti, kipande kwa kipande, ramani ikiwa imekuzwa. Mwanawe wa miaka tisa, aliyekuwa akichungulia begani kwake, ndiye aliyeliona kwanza: mstari wa baba ulipita juu ya ncha ya Bramble Bank, na saa aliyopanga kupita ilikuwa saa ya maji kupwa.

Aliufuta pale pale, akauchora upya.