Mkorogo una sumu mbili, na kuuacha si kazi ya kufanya peke yako

Wiki mbili kabla ya harusi ya jirani yetu hapa Garsen, binamu yangu aliamka amevimba. Sisemi kunenepa, nasema kuvimba. Macho yake asubuhi yalikuwa kama ya mtu aliyelia usiku kucha, na mguu ukiubonyeza, kidole kinaacha shimo. Mamangu akasema huenda ni mimba. Shangazi akasema ni jicho la watu. Mimi, niliyeacha chuo Mombasa mwaka wa pili nikarudi nyumbani kuuza simu na kuandika mtandaoni, nikasema ni haya maji tunayokunywa.

Sote tulikosea. Kliniki ya kwanza ilimpa dawa ya mzio ikamrudisha nyumbani. Ya pili, kulikuwa na nesi mmoja wa makamo. Alimtazama uso, akatazama vifundo vya vidole vilivyobaki vyeusi, akauliza swali moja tu: "Mwanangu, unapaka nini?"

Binamu yangu alikuwa anapaka vitu viwili. Mkebe mdogo usio na jina la kiwanda, na tyubu aliyoambiwa dukani aichanganye na losheni. Mkorogo wa kawaida kabisa. Ukizunguka maduka ya vipodozi kutoka hapa hadi Hola, hukosi mtu wa kukuchanganyia. Na tusijifanye hatujui ni kwa nini. Sisi vijana ndio tunaimba "rangi ya thao" kila siku, ndio tunaweka picha za mashori weupe na kuwapita wengine. Kwa hiyo leo sitamkemea msichana yeyote. Nataka tuongee kuhusu kilicho ndani ya mkebe, na hasa kuhusu jinsi ya kutoka humo bila kuumia zaidi.

Sumu ya kwanza ni zebaki. Hii ni metali nzito, ile ile ya vipimajoto vya zamani. Inazuia ngozi kutengeneza rangi yake, ndiyo maana unang'aa haraka. Lakini haikai kwenye ngozi. Inapenya hadi kwenye damu, inakwenda kwenye figo, na inaweza kugusa neva pia: mikono kutetemeka, hasira zisizo na sababu, usingizi kupotea. Figo zikiharibika, protini inavuja kwenye mkojo, mkojo unatoa povu, na mwili unavimba. Halafu inahama. Taulo, shuka, mkono unaombeba mtoto, vyote vinaibeba.

Wala hii si habari mpya. Mwaka 1972 madaktari wa Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta waliandika kuhusu wagonjwa wazima 60 wenye ugonjwa huo wa figo. Wagonjwa 32 kati yao walikiri kutumia krimu za kung'arisha ngozi. Hiyo ni zaidi ya miaka 50 iliyopita, kabla wengi wetu na hata wazazi wetu wengine hawajazaliwa.

Sumu ya pili ndiyo watu hawaijui: homoni. Ile tyubu mara nyingi huwa na klobetasoli, dawa kali ya steroidi ambayo daktari hukupa kwa siku chache kwa ugonjwa wa ngozi. Ukiipaka mwili mzima kwa miezi, mwili unaona tayari kuna steroidi ya kutosha. Tezi ndogo zilizo juu ya figo, zinazotengeneza homoni ya kortisoli, zinalala. Uso unakuwa duara, michirizi inatokea mapajani, sukari na presha zinapanda, hedhi inavurugika.

Sasa hapa ndipo binamu yangu alikaribia kutuponyoka. Aliposikia neno "figo" alitupa kila kitu siku hiyo hiyo. Uamuzi mzuri, si ndiyo? Siku chache baadaye hakuweza kusimama. Kizunguzungu, kutapika, mwili hauna nguvu hata ya kubeba ndoo. Zile tezi zilikuwa bado zimelala, na steroidi ya nje imekatwa ghafla. Kortisoli ikikosekana kabisa, presha inaanguka na mtu anaweza kufa. Tulimkimbiza Malindi, zaidi ya kilomita 100 kwa matatu, akiwa amelala kwenye kiti cha nyuma.

Umeona mtego ulivyo? Zebaki inasema acha leo. Homoni zinasema usiache ghafla. Na ukiongea na watu mtaani utapata ushauri wa kila upande: mwingine anakwambia uendelee kupaka kidogo kidogo, mwingine anakuuzia juisi ya kusafisha damu.

Daktari wa Malindi alitueleza njia ya kupita katikati, na ni rahisi kuielewa. Mkebe wenye zebaki unaachwa siku hiyo hiyo, hakuna kupunguza kidogo kidogo. Pengo la homoni ndilo linalojazwa na daktari: anapima kortisoli kwenye damu asubuhi, na ikiwa iko chini anakupa vidonge kwa kipimo anachokijua, kisha anavipunguza taratibu hadi tezi ziamke. Hiyo inaweza kuchukua wiki au miezi. Wakati huo huo mkojo unapimwa zebaki, na figo zinafuatiliwa.

Dawa za kuvuta metali mwilini zipo, lakini si za kila mtu. Daktari huangalia kiwango cha zebaki, dalili na hali ya figo kwanza, kwa sababu dawa hizo huweza kuondoa hata madini ambayo mwili unayahitaji. Mara nyingi kuacha chanzo ndiyo tiba kubwa zaidi, na mwili wenyewe unaitoa zebaki polepole kwa mkojo. Hiyo juisi ya kusafisha damu haimo kwenye orodha.

Ukienda hospitali, beba mkebe na tyubu. Usione haya. Soma pia maandishi yake: ukiona "mercury", "calomel" au "Hg", au onyo kwamba isigusane na fedha, dhahabu au vito, hiyo ni zebaki. Ukiona "clobetasol" au "betamethasone", hiyo ni steroidi. Na mkebe usio na maandishi yoyote ni wa kuogopwa zaidi. Hata kabla ya kufika mji mkubwa, kituo kidogo cha afya kinaweza kukupima presha, sukari, na protini kwenye mkojo. Usivuke hatua hiyo.

Pwani tunaijua metali nzito. Owino Uhuru kule Mombasa, watu waliumizwa na risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri, na mwaka 2020 mahakama ikaagiza walipwe Sh1.3 bilioni. Kule kulikuwa na moshi na ukuta wa kuonyesha kidole. Yetu imegawanywa kwenye mikebe midogo, kila msichana na ya kwake, kila mmoja anaugua kimya akidhani ni kosa lake.

Si kosa lake peke yake. Shirika la Ubora wa Bidhaa, KEBS, lilitoa tangazo mwaka 1998 likipiga marufuku vipodozi vyenye zebaki, haidrokwinoni na homoni. Kwa hiyo sheria ipo. Kinachokosekana ni mtu wa kufuata mzigo hadi kwa anayeuingiza, badala ya kumnyang'anya mama wa kibanda mikebe sita mbele ya kamera. Na kaunti yetu ya Tana River inaweza kufanya mawili yasiyohitaji jengo jipya: kila anayekuja amevimba aulizwe swali la yule nesi, na sampuli ya damu na mkojo isafirishwe badala ya mgonjwa. Mto unapofurika na barabara kukatika, safari ya Malindi ni ndoto.

Binamu yangu bado anameza vidonge, nusu ya vile alivyoanza navyo. Uvimbe umeshuka. Rangi yake inarudi kwa mabaka, na kuna wanaomcheka sokoni. Kama wewe ni mmoja wao, jua kwamba kicheko chako ndicho kitakachomrudisha dukani. Na kama wewe ndiye unayepaka, usitupe tyubu kimya kimya usiku huu. Itie kwenye mfuko pamoja na mkebe, na kesho asubuhi uvipeleke kwa daktari.